Juu, Chini, Juu: Jinsi ya Kuchora Fundo Lisilo na Ncha

Fundo la Kikelti ni mchoro wa utepe unaopita juu ya utepe mwingine, kisha chini ya ule unaofuata, kisha juu tena, mpaka urudi ulikoanzia bila ncha kuonekana popote. Jina lake limetokana na Wakelti, watu wa kale wa Ulaya ambao lugha zao bado zinasemwa Ireland, Uskoti na Welisi. Anayeuona mchoro huu kwa mara ya kwanza, uwe umechongwa kwenye msalaba wa jiwe au umepakwa rangi kwenye ukurasa wa kitabu cha kale, hudhani ni kazi ya mtu aliyejaliwa kipaji cha pekee. Ukweli ni kwamba fundo hilo ni msuko wa kawaida uliojengewa kuta ndani yake. Mwenye kuuelewa msuko amekwisha kupita nusu ya safari, na nusu iliyobaki inahitaji penseli, daftari la hesabu na subira.

Ndiyo maana uraibu huu, ingawa una jina la ng'ambo, si mgeni kwa mtu wa Kisumu. Ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya umejaa misuko, na mkono uliozoea kusuka huweza kujifunza kuchora fundo upesi kuliko mkono uliozoea penseli peke yake.

Misuko ya ufuoni

Mfano wa kwanza uko kichwani mwa kila msichana aliyesukwa. Msuko wa nywele una mafungu matatu. Fungu la kulia huja katikati kwa kupita juu, la kushoto nalo huja katikati kwa kupita juu, na zamu hizo hurudiwa hadi nywele ziishe. Ukilifuata kwa jicho fungu moja tu, kuanzia utosini hadi nchani, utaona kwamba linapita juu, chini, juu, chini, bila kukosea hata mara moja. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya fundo la Kikelti.

Mfano wa pili unatoka majini. Gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilienea ziwani, katika Ghuba ya Winam, miaka ya 1990 na kuziba njia za mashua na mialo ya wavuvi. Kutokana na balaa hilo mafundi wa Kisumu walipata malighafi. Mabua yake huvunwa, hukaushwa juani mpaka yawe mepesi na ya rangi ya kahawia, kisha husukwa kuwa kamba. Kamba hizo huzungushwa kwenye fremu na kuwa viti, vikapu na mikoba. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga, kusini mwa mji, ambayo Wajaluo huyaita togo, nayo yametumika kwa vizazi vingi kutengenezea mikeka na vikapu.

Mfano wa tatu ni wavu. Kwenye mwalo wa Dunga mvuvi anayeshona wavu uliochanika hukaa kivulini, wavu ukiwa magotini, na kufunga jicho moja baada ya jingine. Uzi hupandishwa ndani ya jicho la juu, huzungushwa nyuma ya nyuzi zake mbili, kisha hupitishwa chini ya uzi wenyewe na kukazwa. Wafumaji wa nguo nao hutumia fundo hilohilo kuunga uzi uliokatika kwenye kitanda cha mfumi. Ukilitazama kabla halijakazwa, utaona njia ya uzi waziwazi: mahali fulani uko juu, mahali fulani uko chini, na zamu moja ikikosewa fundo lote linafumuka.

Mfano wa nne unapatikana kwenye vyungu. Mfinyanzi wa Kijaluo, kabla udongo haujakauka, huchukua kipande kifupi cha msokoto wa nyasi au kamba na kukiviringisha kwa kiganja juu ya bega la chungu. Msokoto unaacha alama zake kwenye udongo mbichi, safu baada ya safu, na baada ya kuchomwa alama hizo hudumu maisha yote ya chungu. Kwa hiyo picha ya msuko, mbali na msuko wenyewe, ni kitu ambacho mikono ya huku imekuwa ikikitengeneza tangu zamani.

Pwani nako kuna ukili, ule ukanda mrefu wa ukindu au miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Ukili unafanana na fundo la Kikelti kuliko misuko yote iliyotajwa. Kila uchane hukatiza kwa mshazari, ukifika ukingoni hukunjwa na kurudi ndani kwa mshazari wa upande wa pili. Mchoraji wa fundo hufanya jambo hilohilo kwa penseli.

Safari ya mchoro huu

Msuko uliochorwa ni wa kale kuliko Wakelti Wakristo waliouvumisha. Warumi waliupanga kwa vijiwe kwenye sakafu zao za nakshi. Wakopti wa Misri waliutia kwenye vitambaa, mawe na vitabu. Ethiopia, jirani wa Kenya upande wa kaskazini, ina mapambo yaitwayo harag, yaani matawi ya mmea unaotambaa, ambayo husukana juu na kandokando ya kurasa za vitabu vya Injili vilivyoandikwa kwa mkono. Misalaba ya shaba ya nchi hiyo pia ina mitandao ya kusukana ambayo mtu aliyetoka Ireland angeitambua mara moja. Kwenye milango ya mbao ya Lamu, Mombasa na Zanzibar, wachongaji walizungusha mnyororo kwenye fremu, pete moja ikiingia ndani ya nyingine.

Huko Ireland, Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, watawa wa karne ya 7 hadi ya 9 waliupeleka mchoro huu mbali kuliko wote waliowatangulia. Kitabu cha Durrow na Injili za Lindisfarne, kazi za miaka ya karibu na 700, vina kurasa nzima zisizo na neno hata moja, zilizojaa mafundo kama zulia. Kitabu cha Kells, kilichotengenezwa karibu na mwaka 800, ndicho mashuhuri zaidi. Kina kurasa 680 za ngozi ya ndama, na sasa kinahifadhiwa katika Chuo cha Trinity mjini Dublin. Baadhi ya mafundo yake ni madogo kiasi kwamba jicho linahitaji kioo cha kukuza ili kufuata njia ya utepe mmoja.

Hata mafundi hao hawakuchora kwa kubahatisha. Injili za Lindisfarne zimebaki na ushahidi: nyuma ya kurasa za mapambo kuna vitundu vya sindano na mistari ya kupimia. Aliyezichora alianza kwa vitone vilivyopangwa sawasawa, akaunganisha vitone hivyo kwa mistari, na utepe ukaja mwisho. Mwanafunzi wa leo mwenye daftari la miraba amerahisishiwa kazi hiyo, kwa sababu vitone vyake viko tayari kila pembe ya mraba.

Siri ya kuta

Kwa muda mrefu watu waliyaona mafundo haya kuwa fumbo. Mtafiti John Romilly Allen ndiye aliyelifumbua kwa utaratibu. Pamoja na Joseph Anderson alichapisha mwaka 1903 kazi kubwa kuhusu mawe ya Kikristo ya kale huko Uskoti. Katika kuyapanga mafundo kwa jamaa zake, Allen aligundua kwamba karibu yote yanatokana na msuko mtupu ambao sehemu zake zimekatwa na ncha zake zikaunganishwa upya. Alionyesha pia kwamba nyuma ya wingi wote ule kuna mafundo manane tu ya msingi.

Baadaye George Bain, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Uskoti aliyeishi kati ya 1881 na 1968, aliigeuza elimu hiyo kuwa masomo ya hatua kwa hatua. Kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu mbinu za sanaa ya Kikelti kiliuondoa mchoro huu mikononi mwa wataalamu wa makumbusho na kuufikisha kwa watoto wa shule, wachongaji na washonaji. Tangu wakati huo umekuwa uraibu wa watu wa kila aina duniani.

Mambo waliyofundisha yanaweza kufupishwa hivi: kwanza mchoraji hutengeneza msuko mtupu, kama ukili. Kisha huchagua mahali ambapo tepe mbili zinakutana na kujenga ukuta mfupi hapo. Tepe zikifika kwenye ukuta haziwezi kupita, hivyo zinageuka. Kuta zikipangwa kwa mpango, msuko unageuka kuwa mafundo.

Vifaa

Daftari la hesabu lenye miraba, linalouzwa katika maduka ya vitabu mjini Kisumu, linafaa kuliko karatasi nyeupe. Penseli iwe laini na yenye ncha kali, kwa sababu mistari mingi itafutwa. Raba nzuri ni muhimu kama penseli yenyewe. Rula husaidia mwanzoni, lakini baada ya michoro kadhaa wengi huiacha. Mwisho inahitajika kalamu ya wino mweusi ya kukolezea utepe, na kwa anayependa, penseli za rangi.

Fundo la kwanza

Mchoro wa kuanzia ni mstatili wenye upana wa miraba 4 na urefu wa miraba 6. Kila upande sharti uwe na idadi shufwa ya miraba, yaani inayogawanyika kwa 2. Ukingo wa mstatili ukishachorwa kwa wepesi, vitone hutiwa kuuzunguka: cha kwanza mraba mmoja kutoka pembeni, kinachofuata miraba miwili mbele, na kuendelea hivyo. Upande wa chini utapata vitone 2, wa juu 2, na kila ubavu vitone 3. Jumla ni 10.

Sasa mstari unaanza safari. Unatoka kwenye kitone cha kwanza cha chini, upande wa kushoto, na kupanda kwa mshazari kuelekea kulia, ukikata kila mraba kutoka pembe hadi pembe. Unagonga ubavu wa kulia katika kitone cha kati. Hapo unageuka kama mpira uliogonga ukuta, unapanda kuelekea kushoto na kufika kwenye kitone cha kwanza cha juu. Unageuka tena, unagusa ubavu wa kushoto karibu na pembe ya juu, kisha unashuka safari ndefu mpaka ubavu wa kulia, karibu na pembe ya chini. Kutoka hapo unagusa kitone cha pili cha chini, unapanda kushoto hadi katikati ya ubavu, unapanda kulia hadi kitone cha pili cha juu, unageukia ubavu wa kulia karibu na pembe ya juu, unashuka mpaka ubavu wa kushoto karibu na pembe ya chini, na hatua ya mwisho inaurudisha ulikoanzia. Mstari umegusa vitone vyote 10 kila kimoja mara moja, na umejikata wenyewe mahali 7.

Hatua ya pili ni kuupa mstari unene. Kila upande wa mstari wa mshazari huchorwa mstari mwingine, umbali wa kama robo ya mraba, na ule wa katikati hufutwa baadaye. Kwenye kingo utepe hupindwa kwa mviringo kama barabara inayokata kona. Kwenye pembe nne za mstatili unaweza kuachwa na ncha kali, jambo ambalo wachoraji wa kale walilipenda.

Hatua ya tatu ndiyo inayoleta uhai: kuamua upi upite juu. Njia iliyo rahisi ni kuhesabu safu za makutano kutoka chini. Katika safu ya kwanza, utepe unaopanda kuelekea kulia hupita juu. Katika safu ya pili, ule unaopanda kuelekea kushoto ndio hupita juu. Safu ya tatu hurudia ya kwanza, ya nne hurudia ya pili, hadi mwisho. Kwenye kila makutano mistari ya utepe ulio chini hufutwa pale inapokatiza ule wa juu. Kazi ikikamilika, kidole kikifuata utepe kitapita juu mara 7 na chini mara 7 kabla ya kurudi nyumbani.

Kwa nini zamu hazigongani? Jibu linatoka katika hesabu: mstari wowote uliofunga na kurudi ulikoanzia, hata ujikate mara ngapi, unaweza kupewa zamu za juu na chini zinazopishana bila kugongana popote. Kwa hiyo mchoraji akifika mahali ambapo zamu zinakataa, hana haja ya kuhangaika na fundo zima. Amekosea kufuata mstari, na kosa liko nyuma kidogo tu.

Namba zilizofichwa ndani ya msuko

Mstatili wa miraba 4 kwa 6 umetoa utepe mmoja. Mstatili wa 4 kwa 4 hautoi mmoja, hutoa tepe mbili zilizoshikana. Anayetaka kujua idadi kabla ya kuchora anaweza kufanya hivi: agawanye kila upande kwa 2, kisha atafute kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote bila baki. Jibu ndilo idadi ya tepe. Miraba 4 kwa 6 hutoa 2 na 3, na kigawo chao kikubwa ni 1, kwa hiyo utepe ni mmoja. Miraba 4 kwa 4 hutoa 2 na 2, tepe mbili. Miraba 6 kwa 8 hutoa 3 na 4, utepe mmoja unaojikata mara 17. Miraba 6 kwa 12 hutoa 3 na 6, tepe tatu.

Kanuni hii ina historia yake ya Kiafrika. Wachokwe, ambao wengi wao wako kaskazini mashariki mwa Angola na wengine Kongo na Zambia, wana sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona, na mchoro mmoja huitwa lusona. Mchoraji husawazisha mchanga kwa kiganja, hutia vitone kwa ncha za vidole kwa safu, kisha huzungusha mstari kati ya vitone huku akisimulia hadithi au fumbo. Fundi hutarajiwa kuchora bila kusita, na mstari mmoja unaozunguka vitone vyote bila kuinua kidole hupendwa kuliko mistari mingi. Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji na kufariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuichunguza sanaa hiyo. Alionyesha kwamba katika lusona wa aina ya mkeka idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha safu za vitone za kulala na za kusimama. Alipendekeza pia michoro hiyo itumike kufundishia hesabu katika shule za Afrika.

Hivyo mtawa wa Lindisfarne na mzee wa Kichokwe, bila kujuana, walifanya kazi juu ya sheria moja. Sheria hiyo si mali ya taifa lolote. Imo ndani ya mstatili wenyewe, na kila anayesuka kwa mshazari hukutana nayo.

Kujenga kuta

Baada ya misuko mitatu au minne mitupu, mwanafunzi yuko tayari kwa fundo halisi. Zoezi bora la kwanza ni mstatili wa miraba 4 kwa 4. Unatoa tepe mbili zinazokutana mahali 4, umbo ambalo wengi hulijua kwa jina la fundo la Suleimani, na ambalo Warumi walilipamba kwenye sakafu zao. Makutano hayo manne yamekizunguka kitovu cha mraba: moja chini, moja juu, moja kila ubavu.

Kabla ya kuchora utepe, ukuta mfupi huwekwa kwenye makutano ya chini, sambamba na ukingo wa chini. Mistari iliyokuwa ikikutana hapo sasa inagawanyika. Ile miwili inayotoka chini inagonga ukuta na kurudi chini, na ile miwili inayotoka juu inagonga na kurudi juu. Makutano yamebaki 3, na tepe mbili zimekuwa moja. Mchoro huu ndio fundo la msingi lenye makutano matatu, ambalo likichorwa kwa mapinde matatu yenye ncha Wakristo wa Ulaya hulitumia kama alama ya Utatu Mtakatifu. Ukuta mmoja umezaa mojawapo ya mafundo yaliyo maarufu zaidi.

Ukuta huohuo ukisimamishwa wima badala ya kulazwa, utepe bado utakuwa mmoja, lakini haushikani. Ungekuwa kamba halisi, mtu angeivuta na kuikunjua yote ikawa pete tupu. Tofauti ya kulaza na kusimamisha ukuta ndiyo tofauti ya fundo na kamba iliyopindana tu, na mwanafunzi afanye yote mawili kwenye ukurasa mmoja ayaone.

Athari za kuta zinafuata utaratibu. Ukuta uliojengwa mahali ambapo tepe mbili tofauti zinakutana huziunganisha ziwe moja. Uliojengwa mahali ambapo utepe unajikata wenyewe ama unaugawa kuwa tepe mbili, ama unauacha mmoja, kulingana na jinsi ulivyolazwa au kusimamishwa. Jambo la kumfariji mwanafunzi ni kwamba kanuni ya safu haibadiliki: makutano yaliyobaki yanapewa zamu zilezile, safu ya kwanza kuelekea kulia, ya pili kuelekea kushoto, hata kuta ziwe ngapi.

Kuanzia hapa uwanja ni mpana. Kuta zikirudiwa kila baada ya hatua kadhaa kwenye mstatili mrefu, hutokea ukanda wa mafundo yanayofanana, unaofaa kuwa pambo la ukingoni. Kuta zikipangwa ili upande wa kushoto ulingane na wa kulia, mchoro unakuwa na utulivu ambao jicho hulala juu yake. Wenye ujuzi huacha mstatili na kuchora duara, msalaba au herufi, kisha hugeuza ncha za utepe kuwa vichwa vya ndege na wanyama kama walivyofanya watawa wa Kells. Mchoraji wa Kisumu hahitaji kuiga bata bukini wa Ireland. Shingo ndefu ya korongo na mkia wa mbuta vinasukana vizuri vilevile.

Makosa ya wanaoanza

Kosa la kwanza ni haraka ya kutumia wino. Wino huja baada ya kidole kufuata utepe wote na kurudi bila kukwama. La pili ni utepe usio na unene mmoja, mnene hapa na mwembamba pale, hali inayolifanya fundo lionekane limechoka. La tatu ni kusahau nafasi. Matundu madogo kati ya tepe ndiyo yanayoonyesha kwamba utepe mmoja uko juu ya mwingine, na yakizibwa kwa tepe nene mno mchoro unakuwa doa. Wachoraji wengi huyapaka matundu hayo rangi nyeusi, na mara moja utepe huonekana umeinuka juu ya karatasi.

La nne ni kujaza kuta nyingi kwa mara moja. Makutano yote yakijengewa ukuta hakuna kinachosukana tena, kunabaki vipande vya mapinde. Ni vyema kuongeza ukuta mmoja, kufuata utepe, kuhesabu tepe zimekuwa ngapi, ndipo kuongeza mwingine.

Kutoka karatasini

Uraibu huu hauishii daftarini. Mafundi wa Tabaka huko Kisii, ambao sahani na vinyago vyao vya mawe laini huuzwa pia Kisumu, huchora pambo kwa ncha ya chuma juu ya jiwe lililokwisha kulainishwa. Ukanda wa fundo unaozunguka ukingo wa sahani hauhitaji kifaa kingine. Mshonaji anaweza kuutia kwenye shingo ya kanzu, seremala kwenye fremu ya mlango, msusi kwenye mpangilio wa mistari ya nywele. Msukaji wa gugu maji anaweza kuchora kwanza mkoba wake karatasini na kuona kamba zitakutana wapi kabla hajaanza kukunja bua la kwanza.

Shuleni nako kuna nafasi. Mwalimu anayefundisha vigawo anaweza kuwapa wanafunzi mistatili mitano ya ukubwa tofauti, awaache wakisie idadi ya tepe, kisha wachore na kuhakiki. Mtoto aliyeona kwa macho yake kwamba 2 na 3 hutoa utepe mmoja na 2 na 4 hutoa mbili hataisahau maana ya kigawo kikubwa cha shirika. Katika somo hilohilo amejifunza sanaa, na akirudi nyumbani anaweza kumuuliza bibi yake jinsi mkeka unavyosukwa na kuyaelewa majibu.

Elimu ya misuko iliyo ufuoni iko mikononi mwa watu, na sehemu kubwa yake haijapata kuchorwa. Kijana aliyejifunza kuchora fundo anaweza kukaa karibu na fundi wa wavu au wa vikapu, akafuata uzi kwa macho, na kuuweka kwenye miraba safu kwa safu. Kwa njia hiyo daftari la uraibu linakuwa kumbukumbu ya ufundi wa kwao. Anayetaka kuanza leo na afungue ukurasa mpya, ahesabu miraba 4 kwa upana na 6 kwa urefu, atie vitone 10, na auachie mstari wa kwanza uanze kupanda.